Bodi Namba Mbili

Siku ya kugawa mashine, Chanda alishindwa kukaa. Alikalia kiti akainuka, akafuta meza ambayo vumbi halijawahi kuithubutu, akaenda kukitazama kiyoyozi kana kwamba kimemtukana, akarudi, akakaa, akainuka tena. Chumba cha mashine hakikuwa na dirisha, kwa hiyo hakukuwa hata na pa kupeleka macho. Kulikuwa na kabati kubwa jeusi linalovuma kutwa kucha, meza mbili zilizosogezwa zikagusana, skrini mbili, na mumewe.

Mumewe alikuwa ametulia. Kutulia huko ndiko kulikomtia wazimu.

Watu wa hospitali ile waliwaita Chanda na Pete. Aliyeanza ni dada wa mapokezi, aliyesema hajawahi kuona mke na mume wanaofanya kazi chumba kimoja, wanakula pamoja mchana, wanarudi nyumbani kwa njia moja, na bado hawajauana. Mke ndiye aliyegonga kibodi, basi akawa Chanda. Mume akabaki na Pete, wala hakulalamika. Pete si mtu wa kulalamika. Ukimkanyaga atakuomba radhi kwa kuweka mguu wake pale.

Walikuwa na utaratibu wao wa kazi, wa tangu wakiwa wachumba. Mashine ile haikuwa na picha za kugusa wala kishale cha kuburuta. Kulikuwa na skrini nyeusi na mstari mmoja unaopepesa, unaiandikia amri, unabonyeza Enta, nayo inatii. Haikuulizi umeamkaje. Ukiiambia ijikate mguu itaukata, kisha itakuandikia kwa adabu kwamba mguu umekatwa. Kwa sababu hiyo Chanda alipomaliza kuandika amri aliinua mikono na kuisoma kwa sauti, neno kwa neno na namba kwa namba. Pete alisikiliza macho yamefumbwa, akilinganisha na mpango waliokubaliana. Ikiwa sawa alisema, "Bonyeza." Hapo tu ndipo kidole kidogo cha Chanda kiliangukia Enta. Ikiwa kuna kosa alisema, "Subiri."

Miaka yote hiyo mashine haikuwahi kuanguka mikononi mwao, na wakubwa walikuwa wakileta wageni kuwaonyesha wale wawili wanavyofanya kazi, kama watu wanaoonyesha saa nzuri ya ukutani. Tatizo ni kwamba neno "subiri" lilikuwa limepotea mle chumbani. Chanda hakujua lilipotea lini. Yeye alidhani limepotea kwa sababu hakosei.

Maana mama huyu hakosei, muulizeni mwenyewe. Kwenye harusi ya mtoto wa dada yake, Pete alimwambia njia ni ya kushoto, na alimwambia mbele ya mashangazi wawili waliokaa kiti cha nyuma. Chanda akapinda kulia. Walifika bibi harusi ameshaondoka, na mpaka leo Chanda anasimulia kwamba watu wale waliwahisha sherehe. Mara nyingine Pete alimsahihisha namba moja mbele ya mkuu wa kitengo. Jambo dogo, lilirekebishwa pale pale. Lakini wiki ile nyumbani Chanda alizungumza na mumewe kwa kupitia watoto. "Mwambieni baba yenu chakula kiko mezani." Na baba yao ameketi pale pale mezani, anasikia, ameshika kijiko.

Sasa, asubuhi ya siku hiyo, mkuu wa kitengo alikutana na Chanda kwenye korido, akampa pole kwa kazi kubwa iliyokuwa mbele yao, kisha akasema, "Tutamkosa mzee wetu huku chini, ee?"

"Mzee gani?"

"Mwenzako. Si anahamia jengo la pili, kusimamia ile sehemu mpya ya duka la dawa? Aliomba mwenyewe. Au hakukuambia?"

Chanda alicheka. "Kaniambia bwana, kichwa changu hiki."

Hakuwa ameambiwa kitu. Alitembea korido ile yote uso umenyooka, akaingia chumba cha mashine, akamkuta mumewe anamenya chungwa taratibu, ganda likitoka zima bila kukatika, na tangu hapo hakukaa.

Angeweza kumuuliza. Mtu mwingine angemuuliza papo hapo, tena kwa kupiga meza. Lakini kuuliza ni kukiri kwamba hujui, na Chanda na kutojua hawajawahi kupatana. Basi akazunguka. Akafuta meza. Moyoni alikuwa na maneno yamejipanga foleni, kila moja linamsukuma lililo mbele yake. Ameomba lini? Alimwambia nani kabla yake? Alilala naye kitanda kimoja na jambo hilo liko wapi, chini ya mto?

"Kaa basi," Pete alisema. "Utatoboa sakafu."

"Sakafu ni ya kwako?"

Pete alirudi kwenye chungwa lake.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mashine moja ilibeba mizigo miwili, faili za wagonjwa na hesabu za dawa. Duka la dawa likianza kuhesabu, faili zinakwama, na daktari anabaki ameshika kalamu anamtazama mgonjwa. Faili zikizidi, dawa hazitoki. Pande mbili zilikuwa zimegombana mpaka zikafikishana kwa mkurugenzi, naye akaamua mashine ikatwe vipande viwili. Si kwa programu ya kudanganyia, bali ukuta wa kweli ndani ya kabati: kila upande na bodi zake za saketi, kumbukumbu zake, diski zake. Upande huu ukifa, upande wa pili hausikii hata kikohozi.

Kabatini mlikuwa na bodi sita, na mashine ilizihesabu kuanzia sifuri mpaka tano. Zote zilikuwa sehemu sifuri, yaani upande wa faili. Leo bodi namba nne na namba tano zingeondolewa huko, na saa nane mchana, kliniki za nje zikiwa zimefungwa, mashine ingezimika na kuwaka upya ili ikubali mgawo. Baada ya hapo wangeziunda zile mbili kuwa sehemu mpya ya duka la dawa. Bodi ambayo hakuna aliyepaswa kuigusa ni namba mbili. Nyaya za diski zote za wagonjwa zilipita humo. Ukiiondoa hiyo, mashine itaamka haimkumbuki mtu yeyote: nani ana damu ya kundi gani, nani akidungwa dawa ipi anavimba koo, nani yuko wodini kwa nini.

Amri ya kuzima saa nane walikuwa wameshaitoa mapema, kwa kuwa wodi zote zilishatangaziwa. Saa ilikuwa inatembea yenyewe. Kilichobaki ni kuiambia mashine bodi zipi ziondoke.

Chanda alikaa hatimaye, akavuta kibodi. Pembeni yake Pete alifuta mikono kwa leso, akaegemea kiti, akafumba macho. Kule kufumba ndiko kulikomchoma. Uso ule mtulivu, kope zimeshuka, kama abiria aliyeshalipa nauli na anangoja kufikishwa. Ananisikiliza huyu? aliwaza. Au ameshahama, hapa ameacha shati tu?

Hapo ndipo lilipomjia lile wazo, na tuseme ukweli, lilikuwa wazo la kitoto. Angeandika namba ya uongo. Badala ya nne angeandika mbili, bodi ambayo hata fundi wa siku ya kwanza angeruka akiisikia. Pete akisema "subiri", basi bado anamsikiliza, na hapo Chanda angepata pa kuanzia, angemuuliza habari ya kuhama kama mtu na mumewe. Pete akisema "bonyeza", basi hakuna mtu ndani ya shati lile. Angekigeuza kiti chake amtazame na yaliyo moyoni yangetoka yote. Hatari haikuwepo, maana yeye asingebonyeza. Jaribio tu.

Aliandika. Akainua mikono. Akasoma kwa sauti ile ile ya kila siku.

"Sehemu sifuri. Ondoa bodi namba mbili. Ondoa bodi namba tano."

Kabati lilivuma. Kope za Pete zilitikisika kidogo, Chanda aliona. Alingoja.

"Bonyeza," Pete alisema.

Na kidole kikabonyeza.

Hakikumuuliza mwenye nacho. Kilikuwa kimezoea neno lile miaka yote, na lilipotamkwa kikaangukia Enta kama kilivyofundishwa, kabla Chanda hajamaliza hata kukasirika. Skrini iliandika mistari miwili ya adabu: amri imepokelewa, mabadiliko yatafanyika mashine itakapowaka upya.

Chanda alikitazama kidole chake. Kijasho chembamba kilimtoka shingoni, katika chumba ambacho wageni huingia na sweta.

"Umeondoa namba mbili," Pete alisema. Macho yake yalikuwa wazi sasa.

"Ulisikia?"

"Nilisikia."

"Ulisikia ninasema mbili, na ukaniambia nibonyeze?" Chanda alikuwa amesimama tena. "Kuna watu wamelala huko juu. Kuna watoto. Unasikia namba mbili inaondoka na unasema bonyeza, kama mtu anayesema pitisha chumvi?"

"Nilidhani umebadilisha mpango."

"Ningebadilisha mpango bila kukuambia?"

"Si kawaida yako?" Pete hakupandisha sauti, na Chanda alitamani angeipandisha. "Nilidhani labda mmehamisha nyaya na mkuu, labda umepanga kitu. Nikataka kuuliza. Kisha nikasema, nikiuliza itakuwa wiki ya kusemeshwa kupitia watoto. Nikanyamaza. Nimekosa, najua. Namba mbili si ya kunyamazia. Lakini mdomo umeshazoea kunyamaza, mama watoto. Kama hicho kidole chako."

Simu ya mezani ililia. Alikuwa dada wa mapokezi.

"Shikamoo mama. Nauliza tu, saa nane ni ile ile? Maana huko wodini wananiuliza, kuna mgonjwa anapelekwa chumba cha upasuaji jioni, wanataka mashine ikishawaka wachapishe faili lake."

"Marahaba mwanangu. Ni ile ile," Chanda alisema, na sauti yake ikatoka nyembamba mpaka mwenyewe akaishangaa. Akaweka simu. Saa ya ukutani iliwaachia muda, lakini si muda wa kugombania.

"Niliandika makusudi," alisema.

Pete alimtazama.

"Nilitaka kujua kama unasikiliza. Mkuu ameniambia unahama."

Kwa mara ya kwanza siku hiyo utulivu wa Pete uliyumba. Alifungua mdomo, akaufunga, akajikuna shavu. "Nilikuwa nikuambie leo jioni."

"Habari yako ya jioni imeshatangazwa korido nzima."

"Tuirudishe kwanza hii bodi," Pete alisema. "Kisha utanichinja."

Hapo walikubaliana. Chanda alikaa. Akaikunja mikono ngumi, akaikunjua. Mgonjwa aliyekuwa anangoja upasuaji alikuwa amemkalia kichwani, mtu asiyemjua jina wala sura, na jina lenyewe lilikuwa limepitia bodi namba mbili. Akaandika haraka. Rudisha hii, ondoa ile. Akainua mikono, akasoma.

"Sehemu sifuri. Rudisha bodi namba mbili. Ondoa bodi namba nne."

Alingoja neno. Halikuja. Akageuka kumtazama mumewe na akakuta hakufumba macho. Alikuwa ameinama mbele, pua karibu na skrini.

"Subiri," Pete alisema.

Neno lile lilisikika geni, kama mtu aliyerudi kutoka safari ndefu amenenepa.

"Umesoma nne," Pete akaendelea, polepole. "Umeandika tatu."

"Nimeandika nne," Chanda alijibu.

Lilitoka lenyewe. Halikupitia popote, lilitoka moja kwa moja kama kidole kilivyoangukia Enta. Na aliona kilichofuata, kwa kuwa safari hii alikuwa anamtazama Pete, si skrini. Aliona mabega yakishuka, kidogo sana. Aliona mdomo ukifunguka ukiwa na jibu ndani yake, na jibu likamezwa, koo likapanda na kushuka. Aliona macho yakiondoka kwenye skrini, yakahamia kwenye ganda la chungwa lililokuwa juu ya meza, yakatulia huko. Utulivu ule ule uliokuwa ukimtia wazimu tangu asubuhi. Sasa alijua unakotengenezwa.

Mara ngapi ameyafanya haya nisitazame? alijiuliza.

Akageukia skrini. Mstari ulikuwa unapepesa. Ilikuwa tatu. Tatu kubwa, nyeupe, haina haya, na yeye aliisoma nne kwa sababu nne ndiyo aliyokuwa nayo kichwani.

"Ni tatu," alisema.

Pete aliendelea kulitazama ganda.

"Ni tatu, baba watoto. Umeona vizuri. Mimi nimekosea." Maneno yale mawili ya mwisho yalimkwaruza kooni kama dawa ya kikohozi, lakini yalipita. Akafuta, akaandika nne. Akainua mikono, na badala ya kusoma akaisogeza skrini upande wa mumewe. "Soma wewe. Mimi macho yangu leo siyaamini."

Pete alisoma kwa sauti. Sehemu sifuri. Rudisha bodi namba mbili. Ondoa bodi namba nne. Alirudia mara ya pili akifuatisha kwa ncha ya kidole.

"Bonyeza," alisema.

Chanda alikingoja kidole mpaka akawa na hakika kwamba ni yeye anayekituma. Kisha akabonyeza.

Saa nane ilifika. Kabati lilishusha pumzi, feni zikapungua kasi moja baada ya nyingine, na chumba kikawa kimya kiasi cha kusikia saa ya ukutani. Huo ndio muda ambao kila fundi wa mashine huzeeka. Chanda alizunguka. Alikwenda mlangoni akarudi, akagusa kabati kwa kiganja, akaondoa kiganja. Pete hakumwambia akae. Alisimama, naye akaanza kutembea upande wa pili, na wakawa wanapishana katikati ya chumba kama walinzi wawili.

Kisha feni zikavuta. Taa za kijani zikajitokeza, sifuri, moja, mbili, tatu. Bodi ya nne na ya tano zilibaki kando, huru, zinangoja kuambiwa ni za nani. Simu ililia.

"Mama, imerudi," dada wa mapokezi alisema. "Faili la mgonjwa nimelipata. Hata imekuwa nyepesi."

Waliunda sehemu mpya kwa mstari mmoja, Chanda akaandika, Pete akaangalia macho wazi. Mara moja alisema "subiri", palikosekana nafasi tu kati ya maneno, na Chanda akaiweka bila kubisha. Mashine ikajibu kwamba sasa ni mbili. Walikuwa wamemaliza. Zamani wangepeana mikono kwa mzaha, kama wageni rasmi, huo ulikuwa mchezo wao. Leo hakuna aliyenyoosha mkono.

Pete alianza kukusanya vitu vyake: leso, kikombe, miwani ya akiba. Ganda la chungwa akalitupa kwenye ndoo.

"Unahama lini?" Chanda aliuliza.

"Wiki ijayo. Kama hukatai."

"Uliomba kwa sababu ya kazi?"

Pete alishika kikombe kwa mikono miwili. "Niliomba ili kuwe na ukuta mahali fulani. Nyumbani siwezi kujenga."

Alilisema bila hasira, kama mtu anayesoma amri aliyokwisha kuihakiki. Lilimwingia Chanda mpaka ndani kabisa, na akasimama pale na kitambaa cha kufutia meza mkononi, hajui akifanye nini. Majibu yalikuwepo, hayajawahi kukosekana. Yalijipanga pale pale mlangoni mwa mdomo, makali, yamenolewa, yote ya kweli kwa namna yake. Aliyatazama. Aliona alivyo karibu kuyaruhusu.

"Nimekosea wapi?" aliuliza.

Pete alimtazama kwa muda, akitafuta mtego. Alikuwa na haki ya kuutafuta.

"Leo?" alisema. "Au tangu mwanzo?"

"Tangu mwanzo."

Pete aliweka kikombe chini. Aliuvuta mlango ukajifunga, kisha akakisogeza kile kiti ambacho mkewe alikuwa akikikalia na kukiacha tangu asubuhi.

"Basi kaa," alisema.

Chanda aliketi, akaiweka mikono yake juu ya mapaja, akangoja asomewe.